Nyota za Muhuri wa Kiazi

Jumapili, Novemba 25, 1984

Baada ya ibada akina mama tulibaki ukumbi wa chini ya kanisa kupanga zawadi za Krismasi za wazee na wagonjwa wa usharika. Kila mwaka ni yale yale: chupa ya jamu, glavu za kufuma, kipande cha sabuni. Mwaka huu Ardis Kvamme, mke wa mchungaji, alisimama na shali yake nyekundu akasema tununue karatasi za dukani, zile za kung'aa, zenye utepe wake kabisa.

"Wazee wetu wanastahili kitu kizuri," akasema.

"Wazee wetu hawa?" nikamwambia. "Ukimpa Orville Stenerson karatasi ya kung'aa atauliza ni nani kafilisika."

Wote walicheka, na Ardis akacheka pia, lakini shingo ilimwiva. Ana miaka miwili tu hapa Halvor. Huko alikotoka, jirani na jiji, watu huchana karatasi ya zawadi na kuitupa papo hapo, nimeyaona kwa macho yangu nyumbani kwake. Hapa Minnesota yetu ya mashambani karatasi hufunguliwa kwa kisu, hunyooshwa, hupigwa pasi, hungoja mwakani. Nilishinda. Malipo ya kimbelembele changu ni kwamba nimeachiwa nizifunge zote peke yangu.

Jumanne, Novemba 27

Nimeanza. Mume wangu Gaylen alirudi kutoka kukamua ng'ombe, akakuta meza ya jikoni imejaa karatasi, akala chakula chake amesimama. Ndiyo maana naendelea kuishi na mtu huyu.

Nina kurasa za vibonzo za magazeti ya Jumapili ya mwaka mzima, hizo ni za wenye wajukuu. Nina mifuko ya kaki ya dukani, ambayo huigeuza ndani ikawa nje ili jina la duka lisionekane. Nina ramani ya barabara ambayo Gaylen aliikunja vibaya tangu tulipooana, nina mifuko ya unga ya kitambaa, na kadi za mwaka jana nazikata picha ziwe vibandiko vya majina. Badala ya utepe, uzi wa sufu uliobaki kwenye glavu.

Kadi nazikata, lakini karatasi siikati. Naikunja na kuizungusha mpaka ikubali. Mtu yeyote anaweza kufunga sanduku kwa karatasi aliyoikata kwa kipimo. Kufunga chupa ya jamu kwa kipande kama kilivyo ndiyo kazi.

Jumatano, Novemba 28

Nilidhani karatasi zimeniishia. Kumbe kwenye kabati la ukumbini humu nyumbani, droo ya chini kabisa, chini ya mabaki yangu ya miaka yote, kulikuwa na vipande vizito vya kaki vya zamani, vya maumbo ya ajabu: kimoja kimepinda kama mwezi mchanga, kingine kipana chini na chembamba juu. Sikumbuki nilivitoa wapi. Nimevipiga pasi vikanyooka kama shuka. Nikakata kiazi nusu, nikachonga nyota, nikachovya kwenye rangi nyekundu, nikagonga muhuri juu yake na juu ya kaki nyingine zote.

Zimependeza mno, nasema kweli. Hicho cha mwezi mchanga nimekizungushia sabuni na kimekaa kama kilizaliwa kwa ajili yake.

Ijumaa, Novemba 30

Theluji hadi magotini. Nimefunga zawadi.

Jumanne, Desemba 4

Binti yetu Renae amepiga simu kutoka mjini. Mtoto wake Britta atabatizwa hapa kwetu, Januari 6. Nilipomwambia mama mkwe wangu, Borghild, anayeishi nasi kwenye chumba cha chini, aliweka kikombe mezani akakaa kimya, na kwa Mama huko ndiko kupiga vigelegele.

Katika ukoo wa Tveit kila mtoto hubatizwa kwa gauni alilolishona Mama, jipya, kwa kiolezo kilichochorwa na mama yake mzazi aliyekuja nacho kutoka Norwei. Hukata nguo amefunga mlango. Mimi nimeolewa humu miaka ishirini na nne na sijawahi kuona akikata. Ana miaka themanini na moja sasa, macho yameingia ukungu, sindano namtungia mimi, ila vidole vyake bado vinashona kuliko vyangu.

"Huyu ndiye wa mwisho," aliniambia. "Nikimvika huyu, macho yakitaka kwenda yaende."

Jumapili, Desemba 9

Zawadi zote zimegawiwa. Mimi nina ng'ombe wa kukamua, kwa hiyo Ardis ndiye aliyezungusha gari lake nyumba hadi nyumba. Aliponirudishia kapu alisema, "Corliss, zile zenye nyota ni nzuri." Nadhani alisema kwa kinyongo.

Jumatano, Desemba 12

Siku mbaya. Naandika nikiwa nimejifungia chumbani na viazi vinaungua huko jikoni na viungue.

Saa nne asubuhi Mama ametoka chumbani na kitambaa cheupe mkononi, kimefuliwa na kupigwa pasi. Akakaa mezani, akakilainisha kwa viganja.

"Nitolee kiolezo," akasema.

"Kiko wapi, Mama? Sandukuni kwako?"

"Sandukuni kuna unyevu. Kiko kabati la ukumbini, droo ya chini kabisa, chini ya karatasi zako. Nilikilaza pale kisikunjike. Ni vipande vya kaki."

Nilikuwa nimeshika kikaango, nikakiweka chini polepole kana kwamba ndicho kitakachonisaliti. Mwezi mchanga ni kola. Kile kipana chini ni sketi. Nimekipiga pasi kiolezo cha mama yake Mama, nimekigonga nyota za kiazi, nimekifungia jamu na sabuni, na Ardis Kvamme amekitawanya wilaya nzima.

"Umenyamaza," Mama akasema.

"Naunguza kitunguu," nikamwambia. "Nitakitafuta nikimaliza. Droo imejaa."

"Haijajaa. Droo ile naijua."

"Mwaka huu imejaa."

Nimemdanganya mwanamke asiyeona vizuri, nikiwa nimesimama mbele yake. Nilijua kutakuwa na kiolezo mahali fulani humu ndani, lakini nani aliwahi kunionyesha? Mlango ulikuwa umefungwa miaka yote hiyo. Najitetea, naona. Majuto ni mjukuu, na mimi mjukuu ninaye tayari, ana mwezi mmoja, na gauni hana. Naogopa. Nikisema, nitakuwa hadi kufa kwangu yule mke wa Gaylen aliyefungia jamu kazi ya marehemu. Nisiposema, Mama atakaa pale mezani na kitambaa chake cha mwisho.

Alhamisi, Desemba 13

Nimemwambia Gaylen zizini.

"Ulipiga pasi?" akauliza.

"Nilipiga."

"Na nyota?"

"Na nyota."

Akahamia ng'ombe mwingine. "Mwambie."

"Mwambie wewe, ni mama yako."

"Mimi nina ng'ombe," akasema.

Jumamosi, Desemba 15

Nimeenda kwa Orville Stenerson, yule mzee wa kule mtoni ambaye hajawahi kuoa, nikiwa na chupa nyingine ya jamu na kipande kingine cha kaki. Mpango wangu ulikuwa nibadilishe mzigo asijue. Huwezi kufika kwa Orville ukaeleza shida. Kwanza akanikaribisha kahawa nikakataa, akanikaribisha tena nikasema asijisumbue, akanikaribisha mara ya tatu nikasema labda nusu kikombe. Nusu saa imekwenda hapo. Zawadi yake ilikuwa kwenye rafu juu ya redio na niliiona wazi: kipande cha mbele cha gauni, na nyota zangu juu yake.

"Orville, nadhani jamu yako imechacha. Nimekuletea nyingine."

"Umejuaje ni jamu?"

"Niliifunga mimi."

"Basi usiniambie," akasema, akasimama kati yangu na rafu. "Haifunguliwi kabla ya Mkesha wa Krismasi. Hata mama yangu alipokuwa anakufa hakufungua ya kwake kabla ya Mkesha."

Nimerudi na jamu mbili, maana alinipa ya kwake ya mwaka jana.

Jumatatu, Desemba 17

Mama ameuliza. Nimesema huenda kiko droo ya pili.

Jumanne, Desemba 18

Ardis amekuja bila kupiga simu, wakati Mama amelala. Alisimama mlangoni na theluji mabegani.

"Orville anasema ulikwenda kumnyang'anya jamu," akasema. "Kanisa zima linacheka. Mimi sijacheka, kwa sababu wewe si mtu wa kunyang'anya jamu. Kuna nini?"

Ningeweza kumwambia mtu yeyote wilaya hii isipokuwa yeye. Nilimwambia yeye. Nilitazamia atabasamu hata kidogo, na haki yake ingekuwa hiyo, kwa sababu kama tungenunua karatasi zake za kung'aa nisingegusa ile droo. Hakutabasamu. Alivua koti lake, akakaa, akauliza mzigo wenye mwezi mchanga ulikuwa wa nani, na ule mpana, akiandika nyuma ya bahasha. Wote waliopata alikuwa anawakumbuka.

"Tuwaombe wafungue sasa," nikasema.

"Hawatafungua, unawajua. Wala hawatachana. Wewe mwenyewe uliniambia hapa karatasi haichanwi." Akafikiri. "Niachie."

"Mama yangu mkwe huwa anakuja kanisani, Ardis. Haoni lakini anasikia mpaka panya."

"Nimesema niachie."

Jumapili, Desemba 23

Wakati wa matangazo Ardis amesimama mbele ya usharika wote. Nimeyaandika maneno yake nisiyasahau: "Nilipokuja hapa nilidhani kutunza karatasi ya zawadi ni ubahili. Nilikosea, na Corliss Tveit alinisahihisha. Karatasi zile za nyota ni nzuri mno kukaa droo moja moja. Naomba kila aliyepata aifungue taratibu na kuirudisha kanisani siku ya Krismasi, ziwe mali ya akina mama."

Watu waliangua kicheko. Sauti kutoka nyuma ilisema, "Tumemgeuza!" Ardis akasimama pale akapokea, shingo imeiva vile vile kama Novemba, na watu wakageuka kunipungia mimi mkono. Nilitaka ardhi inimeze. Sijawahi kusifiwa kwa kosa langu, tena na mtu niliyemwonea.

Mama ameniuliza garini, "Ni karatasi gani hizo za nyota?"

"Za kaki tu, Mama."

"Aha," akasema.

Jumatatu, Desemba 24

Mkesha. Chapati za viazi, samaki, wali wa maziwa. Zawadi baada ya kukamua. Mama amekunja za kwake zote, kingo kwa kingo, akanipa.

Jumanne, Desemba 25

Wameleta. Wamejipanga ukumbini kanisani kama wanaopokea sakramenti. Imekuja kaki yangu yote, na magazeti, na ramani ya Gaylen, na karatasi ambazo hazikuwa zangu kabisa, za miaka kumi na tano iliyopita, kwa sababu LaVonne Aasen aliona heri amwage kabati lake lote. Orville alileta ya kwake imekunjwa ndani ya Biblia ili isipate mkunjo mbaya, na uzi wa sufu ameuzungusha kwenye njiti ya kiberiti. Nilitaka kumkumbatia, lakini hapa watu hawakumbatiani, basi nikamwuliza kuhusu ng'ombe wake.

Ardis na mimi tumevitandaza vipande kwenye meza ya mchungaji ofisini. Mbele, nyuma mbili, sketi, kola. Gauni zima lilikuwa limelala pale, lina nyota nyekundu tele. Halina mikono.

"Nani hajarudisha?" nikauliza.

Ardis alikuwa amekuwa mweupe. "Sisi," akasema. "Watoto wangu walichana ya kwetu. Ule mkate wa tangawizi uliotupa wewe, kwenye kaki. Iko kwenye pipa la kuchomea taka."

Jumatano, Desemba 26

Asubuhi nzima nyuma ya nyumba ya mchungaji, tumeinama ndani ya pipa. Ardis na koti lake zuri la kanisani kwa kuwa lile la kazini limo kwenye maji, majivu hadi viwikoni. Tulipata pembe moja ya kaki yenye nusu ya nyota, kubwa kama stempu. Mchungaji alichungulia dirishani akarudi ndani, na alifanya vyema.

"Nisamehe," Ardis akaniambia.

"Nikusamehe wewe? Mwenzangu, umesimama mbele ya kanisa ukajishusha kwa ajili yangu."

"Ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani," akasema. "Mbaya ni hii pua yangu, ina masizi?"

Ilikuwa nayo, na yangu pia. Nilikuwa nimemwita mwanamke huyu mringaji miaka miwili.

Alhamisi, Desemba 27

Nimemwambia Mama. Nilimwekea vipande mezani, nikakaa mbele yake, nikasema yote bila kupumzika: droo, pasi, kiazi, jamu, uongo wa kitunguu, Orville, pipa. Mama alikuwa anapapasa vipande kimoja kimoja wakati nasema. Kwenye nyota alisimama, akazisugua kwa kidole gumba.

"Hii ni rangi?"

"Ndiyo, Mama."

"Ulidhani ni karatasi tu."

"Ndiyo."

"Hukuikata?"

"Huwa sikati. Lakini mikono ndiyo imeungua, Mama. Nimetafuta mpaka majivuni. Mikono imepotea na ni mimi."

Mama akainua uso. "Mikono gani?"

"Ya gauni. Kipande cha mikono."

"Hakuna kipande cha mikono," Mama akasema. "Hakijawahi kuwepo tangu mimi nina miaka tisa."

Nilidhani amechanganyikiwa. Hakuchanganyikiwa. Ameniambia hivi, na Gaylen anasema hata yeye hajawahi kulisikia: "Nilitaka kumpa mwalimu wangu kitana kwa Krismasi. Nyumbani hakukuwa na karatasi hata ya kufungia chumvi. Nikaona kaki kwenye sanduku la mama. Nikafunga kitana changu vizuri kabisa, nikampelekea, naye akaenda zake kwao Dakota na mkono wa gauni letu. Mama alinichapa kwa mwiko wa uji. Tangu siku ile alikata mikono kwa macho, na mimi nikakata kwa macho. Kwa nini unadhani nafunga mlango?"

Sikujua nicheke au nilie, nikafanya vyote.

"Katazame picha ya ubatizo wa mumeo," akasema. "Mkono mmoja umemfika kwenye vidole."

Nimekwenda kuitazama. Ni kweli.

Jumamosi, Desemba 29

Mlango umefungwa, na mimi niko ndani. Mama alifuatisha vipande vile kwa vidole, nami nikavikata kwenye kitambaa. Tulipofika mikono alinisogezea mkasi.

"Mimi macho ya kukatia kwa macho sina tena," akasema. "Kata."

"Nikiharibu?"

"Utaharibu. Sote tumeharibu. Kata."

Nikakata. Mama alikuwa anausikiliza mkasi, akasema "polepole" mara moja tu.

Jumanne, Januari 1, 1985

Mama anashona, natunga sindano. Baridi ya kukausha mate.

Jumapili, Januari 6

Britta amebatizwa. Mkono wa kushoto wa gauni ni mrefu kuliko wa kulia kwa upana wa kidole na nusu. Kanisani LaVonne Aasen aliuona, akafumba mdomo. Renae aliukunja mara moja akaushikiza kwa pini, akasema, "Mbona wangu kwenye picha uko hivi hivi?" Mama alikuwa amekaa kiti cha mbele. Mchungaji alipomshusha mtoto, Mama alilishika gauni akalipapasa lote, mshono kwa mshono, kutoka shingoni hadi pindo, bila haraka, watu wote wakingoja. Kisha akaachia. Nilikuwa nyuma yake nikamwona akivuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Jioni wageni walipoondoka aliniita.

"Chora ile mikono," akasema. "Kabla mtoto hajakua ukasahau. Iwe kwenye karatasi, pamoja na vingine."

Kaki humu ndani imetuishia, ile iliyorudishwa sasa ni mali ya akina mama kanisani. Ardis alikuwa ameniletea kipande kimoja cha ile karatasi yake ya kung'aa, kwa utani, kimefunga birika la kahawa. Nikakigeuza upande mweupe, nikaulaza mkono wa gauni juu yake.

"Nichore upi, Mama? Hailingani."

"Yote miwili. Atakayekuja achague."

Nikachora yote miwili. Akasikia nimeweka kalamu.

"Bado," akasema. "Andika juu yake, herufi kubwa, kwa wino: HII SI KARATASI YA ZAWADI."

Nimeandika. Kisha nikavitoa vile vipande vingine vitano vya kiolezo, nikaandika kwenye kila kimoja, katikati ya nyota.